Zana Isiyodai Msimbo Hudai Lugha: Uhakiki wa Hatua za Kwanza za Mtumiaji wa Kiswahili katika Ujenzi wa Tovuti

Ikisiri

Zana za kujenga tovuti bila kuandika msimbo husifiwa kwamba zimemfungulia mlango kila mtu. Makala haya yanahakiki sifa hiyo kwa kusoma, kama matini, mambo ambayo mtumiaji wa Kiswahili hukutana nayo katika saa yake ya kwanza: ukurasa wa mfano, vitufe, ujumbe wa mfumo, na mpangilio wa lugha na saa. Mfano mkuu ni WordPress. Hoja yetu ni kwamba zana hizi hazikuondoa kizingiti, bali zimekihamisha kutoka kwenye msimbo hadi kwenye lugha. Na kwa kuwa kizingiti sasa ni cha lugha, wajibu wa kukishusha ni wa wanaisimu na watunga sera angalau kwa kiwango kile kile ulivyo wa wahandisi. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo matano kwa vyuo, serikali na vyombo vya lugha vya ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, aliyetaka tovuti alilazimika kujua lugha za kompyuta au kumlipa anayezijua. Hali hiyo imebadilika. Wix ilianza mwaka 2006, Webflow mwaka 2013, na WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003 ikiwa programu huria ya kuandikia shajara za mtandaoni, ilipata mwishoni mwa mwaka 2018, katika toleo la 5.0, kihariri kipya kilichopewa jina la Gutenberg, yule mchapaji wa Mainz. Katika kihariri hicho kila aya, picha, kitufe au orodha ni kipande kinachojitegemea, na mtumiaji hupanga vipande kama mwashi apangavyo matofali. Toleo la 5.9 la Januari 2022 liliupeleka mtindo huo hadi kwenye kichwa na kitako cha tovuti nzima. Msimbo upo, lakini mtumiaji hauoni.

Ahadi inayotolewa ni kwamba yeyote anayejua kusoma anaweza kujenga. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika makongamano yetu ni hili: kusoma lugha gani? Msimbo ulipokuwa kizingiti, mzungumzaji wa Kiswahili na mzungumzaji wa Kiingereza walikuwa karibu sawa mbele yake. Wote wawili walipaswa kujifunza jambo geni. Msimbo ulipofichwa, kilichobaki juu ya skrini ni maneno. Hapo mmoja wao amefika nyumbani, na mwingine bado yuko barazani anabisha hodi.

Swali hili lina uzito wa kisera. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua kama hiyo Julai 2022. Na mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika nchi zetu za jirani, ambako wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, matangazo hayo yatapimwa kwa mambo madogo. Moja ya mambo hayo ni kama fundi cherehani anaweza kutangaza kazi yake kwa Kiswahili bila kumwomba mtu mwingine amsomee skrini.

2.0 Ukurasa wa mfano kama matini

Anayesakinisha WordPress hapewi uwanja mtupu. Anakuta chapisho moja linalousalimu ulimwengu, maoni ya mfano chini yake, na ukurasa mmoja wa mfano. Ukurasa huu umesomwa na watu wengi mno duniani, lakini ni nadra kuhakikiwa, labda kwa sababu hauonekani kuwa matini. Msimulizi wake ni kijana wa Los Angeles: mchana hupeleka barua na vifurushi kwa baiskeli, usiku anaota kuwa mwigizaji, ana mbwa aitwaye Jack, na anapenda kinywaji fulani cha nanasi na nazi. Kishazi kinachofuata, kilichowekwa katika mabano, kinadokeza wimbo wa Marekani wa mwaka 1979. Baada ya kijana huyo huja mfano wa pili: kampuni ya kubuni iliyoanzishwa mwaka 1971, yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, na makao yake ni Gotham City, mji wa Batman.

Kwa msomaji aliyekusudiwa, ukurasa huu una kazi tatu. Unamwonyesha aina mbili za tovuti, ya mtu na ya taasisi. Unamwambia kwa mzaha kwamba hapa hakuna jambo la kuogopwa. Na unamtaka aufute aandike wake. Kwa msomaji wa Mbarara au Bukavu, kazi ya kwanza inafanyika kwa shida, ya pili haifanyiki kabisa, na ya tatu inageuka. Mzaha usioeleweka hauondoi hofu. Badala yake, hujenga dhana kwamba tovuti ni jambo la watu wenye mbwa mwenye jina na mji wenye sinema.

Ni haki kusema kwamba WordPress haimlazimishi mtu kubaki na kijana huyo. Maneno ya ukurasa wa mfano ni sehemu ya matini zinazotafsiriwa, na tovuti ikisakinishwa katika lugha nyingine, ukurasa huundwa kwa tafsiri ya lugha hiyo, ikiwa ipo. Kwa hiyo lawama inarudi kwetu: mfasiri ana nafasi ya kuandika upya, naye huona wajibu wake ni kutafsiri tu. Jina la bidhaa ya kampuni ile ya kubuni ni neno la Kiingereza litumikalo kwa kitu ambacho jina lake limesahaulika. Kiswahili hakishindwi: tunalo neno dude, na Kampuni ya Madude ingesomeka vizuri. Lakini ubora wa tafsiri hiyo haumsaidii mtumiaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kutangaza madude. Ningependekeza ukurasa wa mfano wa namna hii:

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko nyuma ya soko la samaki, mlango wa tatu. Nashona sare za shule na nguo za harusi. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa kumi na mbili jioni, Jumapili sifungui. Ukiwa na kitambaa chako, njoo nacho.

Matini hii inafanya kazi zote tatu. Inamwambia mtumiaji kwamba tovuti inahitaji kusema nani, nini, wapi na lini. Na inamwambia kwamba mtu kama yeye tayari yumo ndani.

Upande wa violezo vya kuuzwa au kugawiwa bure, hali ni tofauti kidogo. Humo nafasi hujazwa kwa Kilatini kilichovurugwa, ambacho asili yake ni De finibus bonorum et malorum, kitabu alichokiandika Cicero mwaka 45 KK. Kilatini hicho hakikusudiwi kusomwa. Kinaonyesha tu umbo la aya. Tatizo lake ni la kimaumbo. Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja nafsi, njeo, yambwa na ukanushi, hivyo maneno yake yanaweza kuwa marefu kuliko yale ambayo mbunifu aliyapimia. Kitufe kilichokatwa kwa neno fupi la Kiingereza hakitoshi kwa Wasiliana nasi. Mtumiaji huona herufi zimekatika au zimeangukia mstari wa pili, akadhani amekosea yeye. Ukweli ni kwamba kiolezo hakikujaribiwa kwa lugha yake.

3.0 Kitenzi kimoja, kazi mbili

Kikundi cha mafundi cherehani cha Mutukula, mji wa mpaka wa Uganda na Tanzania ambako Kiswahili ni lugha ya biashara ya kila siku, kiliniomba nikisaidie kuanzisha tovuti. Walitumia zana nyingine ya jamii hii, iliyokuwa na skrini ya Kiswahili. Niliwaonyesha jinsi ya kupanga vipande, nikaondoka. Wiki mbili baadaye tovuti haikuwa imeonekana. Nilipompigia simu mwenyekiti wao, mama wa makamo aliyesoma hadi kidato cha pili, alinijibu: “Mwalimu, kila kitu tumemaliza, ila hatuna printa.”

Kitufe cha mwisho kilikuwa kimeandikwa Chapisha. Kwake yeye, na kwa yeyote aliyewahi kuingia kwenye duka la kuchapa na kudurusu, kuchapisha ni kutoa karatasi. Hakukosea. Kitenzi hicho kimebeba maana ya kutoa kitabu kwa muda mrefu, na programu nyingi hukitumia pia kwa amri ya kutoa nakala kwa printa. Wanaistilahi tumekiidhinisha kwa maana zote mbili, kila moja katika orodha yake, na orodha hizo hazikuwahi kuwekwa kando kwa kando. Juu ya skrini maana hizo mbili zilikutana, na gharama ikamwangukia mama ambaye hakuwa na printa.

Suluhisho halihitaji neno jipya. Weka hadharani kwa kazi ya kwanza na Chapa kwa printa kwa kazi ya pili yangetosha. Ni vishazi, si maneno mamoja, na hapo ndipo mazoea yetu ya istilahi yanapogongana na mahitaji ya mtumiaji. Tumezoea kudai kwamba istilahi bora ni fupi na yenye kuzalisha maneno mengine. Vigezo hivyo vinafaa kwa kamusi. Kitufe kina kigezo kimoja kinachotangulia vyote: msomaji ajue kitakachotokea akikibofya.

4.0 Upatanisho wa kisarufi na nafasi tupu

Tatizo la tatu halionekani kwa urahisi, lakini ndilo la kiisimu zaidi. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kuweka jina katika nafasi tupu ya sentensi iliyoandaliwa. Kwa Kiingereza, kitenzi cha taarifa kwamba kitu kimefutwa hakibadiliki, kiwe ukurasa, picha au mtu. Kwa Kiswahili tunahitaji: ukurasa umefutwa, picha imefutwa, kiungo kimefutwa, toleo limefutwa, maoni yamefutwa, mtumiaji amefutwa. Maumbo sita kwa moja. Mfasiri aliyepewa sentensi yenye nafasi tupu hawezi kupata jibu sahihi, hata awe na shahada ngapi, kwa sababu hajui ni nomino ya ngeli gani itakayoingia.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno mafupi. Neno moja la Kiingereza husimama juu ya orodha zozote, nasi tunahitaji kurasa zote, viungo vyote, maoni yote, watumiaji wote. Katika mfumo wa gettext, ambao WordPress huutumia, maneno yanayofanana na yasiyoelezewa muktadha huhesabiwa kuwa ingizo moja lenye tafsiri moja. Mfasiri huchagua zote au yote, na kila chaguo ni kosa mahali fulani.

Watengenezaji wa WordPress hawalipuuzi jambo hili. Miongozo yao inawataka waandishi wa programu kutumia sentensi kamili badala ya vipande, na mfumo unaruhusu kuambatisha muktadha ili neno moja lipate tafsiri tofauti katika sehemu tofauti. Majina ya sehemu kuu za programu huandikwa kamili kwa kila aina ya maudhui. Ila programu-jalizi, ambazo mtumiaji wa kawaida huziongeza siku ya kwanza kwa ajili ya fomu, duka au kalenda, huandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na si wote wanaofuata miongozo.

Matokeo yake ni Kiswahili cha skrini ambamo karibu kila kitu kimehamia ngeli ya I-ZI: imefutwa, imehifadhiwa, imeongezwa. Mtu aliyezaliwa Pemba au Mombasa atacheka na kuendelea. Mwanafunzi wa Gulu au Huye, anayejifunza ngeli darasani asubuhi na kutumia simu jioni, anapata walimu wawili wanaopingana, na yule wa jioni yuko naye muda mrefu zaidi. Kwa nchi za jirani, basi, ubovu wa upatanisho katika programu unahusu upangaji wa lugha moja kwa moja.

5.0 Lugha ambayo mashine inaamini

Mambo tuliyoyajadili hadi sasa yanaonekana kwa macho. Liko moja lisiloonekana. Kila ukurasa wa wavuti unaweza kubeba alama inayoitangazia mashine lugha ya maandishi. Alama ya Kiswahili ni sw. Kiwango cha ISO 639-3 kinaongeza swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo, vyote chini ya mwavuli wa swa. Katika WordPress alama hii hutokana na mpangilio mmoja, lugha ya tovuti. Tovuti ikiachwa katika mpangilio wa awali wa Kiingereza, ukurasa ulioandikwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho hutangazwa kuwa wa Kiingereza cha Marekani.

Anayeumia kwanza ni msomaji asiyeona. Programu za kusoma skrini kwa sauti, kama NVDA ambayo hutolewa bure, hutumia alama hiyo kuchagua matamshi, na eSpeak NG, kinasa-matamshi kinachokuja nayo, kina matamshi ya Kiswahili. Ukurasa ukitangazwa kuwa wa Kiingereza, neno wake husomwa weik, pole husomwa poul, na mate husomwa meit. Baada ya sentensi mbili msikilizaji hana anachokifuata. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya wavuti imeliweka sharti la kutangaza lugha ya ukurasa katika daraja la chini kabisa la ulazima, daraja A, katika kipengele 3.1.1. Kwa maneno mengine, hili ni la msingi kuliko mapambo yote.

Wengi hawabadilishi mpangilio huo kwa sababu iliyo wazi. Wamezoea vitufe vya Kiingereza, na wanaogopa kwamba wakichagua Kiswahili skrini yao ya kazi itabadilika pia. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, WordPress hutenganisha mambo haya mawili: tovuti inaweza kuwa ya Kiswahili huku mhariri akibaki na skrini ya Kiingereza au Kifaransa kupitia wasifu wake. Kwa Goma au Bujumbura, ambako mwandishi huenda amesomea kompyuta kwa Kifaransa na kuandika kwa Kiswahili, utenganishaji huu ni msaada mkubwa. Hata hivyo, anayeanza hana namna ya kulijua hilo isipokuwa aambiwe.

Suala la saa linafanana na hili. Sehemu za kujaza saa za kazi hutoa chaguo mbili, saa 12 au saa 24, na zote huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Kiswahili, sawa na Kiganda na Kinyarwanda, huhesabu kuanzia machweo na macheo. Mwenye duka akiandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, mteja atasoma saa nane. Hapa zana haina kosa la tafsiri. Inakosa swali ambalo ilipaswa kuuliza. Hadi itakapouliza, ushauri salama ni kuandika saa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, kama fundi wetu wa mfano alivyofanya.

6.0 Pingamizi na lawama yetu

Wapo watakaosema kwamba mtumiaji hana haja ya yote haya: tayari anasema posti, pej na linki, na lugha hujitafutia njia. Sipingi ukopaji. Neno la mkopo lililokwisha kuzoeleka ni bora kuliko neno asilia lisilojulikana na mtu nje ya ukumbi wa mkutano, na mjadala wa tarakilishi na kompyuta umekula muda wetu mwingi kuliko ulivyostahili. Lakini hoja ya ukopaji haigusi nilichoonyesha. Upatanisho, alama ya lugha, hesabu ya saa na ukurasa wa mfano si masuala ya asili ya msamiati. Hata tukikopa kila nomino, kitenzi bado kitahitaji ngeli.

Tunao pia mfano wetu wenyewe kwamba kazi inawezekana. Mwaka 2004, chini ya mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilithibitisha kwamba wataalamu wa lugha na wa kompyuta wakikaa meza moja, matokeo hupatikana. Funzo la pili la miaka iliyofuata ni chungu zaidi: programu haitafsiriwi mara moja. WordPress hutoa matoleo makubwa zaidi ya moja kwa mwaka wa kawaida, na kila toleo huleta maneno mapya. Tafsiri isiyotunzwa huchakaa, na skrini huwa na lugha mbili zilizochanganyika. Kazi ya kuitunza hufanywa na watu wa kujitolea, usiku, baada ya ajira zao. Katika vyuo ninavyovifahamu, mhadhiri aliyetafsiri maneno elfu kadhaa ya programu inayotumiwa na umma hapati alama yoyote ya kupandishwa cheo, ilhali makala moja kuhusu nadharia ya tafsiri humpatia.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba zana isiyodai msimbo hudai lugha, na kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hulipa gharama hiyo katika saa yake ya kwanza, kabla hajajua kama atapata faida. Mapendekezo ni haya.

Kwanza, mikataba ya tovuti za umma idai kwamba kurasa za Kiswahili zitangazwe kwa alama ya Kiswahili, na sharti hilo likaguliwe kabla ya malipo ya mwisho. Ukaguzi wake huchukua dakika chache na hauhitaji vifaa vya gharama.

Pili, ufadhili wa tafsiri za programu uwe wa utunzaji wa miaka mingi, hata kama ni mdogo, badala ya mradi mkubwa wa mara moja unaoisha kwa sherehe ya uzinduzi.

Tatu, vyuo vikuu vitambue tafsiri ya programu iliyopitiwa na wenzi kuwa kazi ya kitaaluma. Ushahidi wake upo wazi: mifumo ya tafsiri huhifadhi jina la mfasiri na la aliyeidhinisha.

Nne, istilahi za skrini zijaribiwe kwa kazi na si kwa hojaji. Asiulizwe mtu kama analipenda neno. Apewe tovuti ambayo haijakamilika, aambiwe aikamilishe, na tuangalie anapokwama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, inafaa kuratibu majaribio hayo katika nchi wanachama na kuyatunza matokeo katika hazina moja iliyo wazi.

Tano, wafasiri waruhusiwe, na wahimizwe, kuandika upya matini za mfano badala ya kuzitafsiri.

Mama wa Mutukula alibofya kitufe chake siku ile ile nilipomweleza kwamba hakihusu karatasi. Maelezo yangu yalichukua chini ya dakika moja. Yeye na wenzake walikuwa wamesubiri wiki mbili, na walikuwa na bahati ya kuwa na mtu wa kumpigia simu. Sera ya lugha inapaswa kuwafikiria wale wasio na namba ya kupiga.